Sema Kiasi Kidogo, Mpenzi

Bi. Shakila alipolitaja jina la Otto, Lidwina alitabasamu. Hakuweza kujizuia. Jina lile lilimfanya hivyo tangu walipokuwa chuoni Mbeya, na sasa, Jumamosi ikiwa inakaribia, siku ambayo wazee wa kina Otto wangekuja kwao Ruhuwiko, Songea, kuleta posa, lilimfanya hivyo zaidi.

"Msimamizi wa kitengo atakuwa Otto," meneja alirudia, kana kwamba alidhani hakusikika. "Tangazo litatoka Jumatatu. Nimeona nikuite nikwambie mwenyewe, kwa sababu na wewe uliomba."

Kitengo chenyewe kilikuwa na watu wawili tu, Lidwina na Otto. Walikuwa watu wa IT wa kampuni ya pembejeo, kwenye chumba kidogo nyuma ya ghala la mbolea. Printa ikigoma, waliitwa wao. Mtu akisahau paswedi, waliitwa wao. Sistimu ya kusajili wakulima ikilala katikati ya msimu, walilaumiwa wao. Lidwina ndiye aliyepanda mabasi kwenda matawi ya Mbinga, Namtumbo na Tunduru. Otto alibaki makao makuu, kwa maelezo kwamba lazima mmoja abaki.

"Hongera zake," alisema Lidwina, na alimaanisha. "Ila naomba kujua, Bi. Shakila, mimi nimepungukiwa nini? Nijirekebishe."

"Kazi hujapungukiwa. Wakulima walipopanga foleni Tunduru na sistimu imelala, nani alikwenda? Si wewe? Tatizo ni daraja. Usimamizi unafuata daraja la mshahara, na Otto yuko juu yako. Siwezi kukurusha ukampita."

"Yuko juu yangu vipi? Tuliajiriwa siku moja."

Bi. Shakila alivua miwani akaiweka juu ya meza. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Tunduru, mkali kwa wafanyakazi wote bila kubagua. Lakini sasa alimtazama Lidwina kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Kumbe hujui."

"Sijui nini?"

"Mshahara wa mtu si jambo la kuzungumzwa na mwingine."

"Ni mchumba wangu."

"Wallahi, ndiyo maana nilidhani unajua." Meneja alisema taratibu. "Kwenye usaili tuliwauliza swali moja. Mnategemea mshahara kiasi gani? Wewe ulisema laki tatu na nusu. Nikakuuliza mara ya pili, una uhakika? Ukasema ndiyo. Ukatoka, akaingia Otto, akataja mara mbili yake. Fungu lilikuwa moja kwa nafasi mbili. Ulichokiacha wewe, alipewa yeye."

"Labda alibahatisha," Lidwina alisema. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kama inatoka chumba kingine.

"Mwanangu, Otto alifanya mafunzo ya vitendo hapa hapa kabla ya kuajiriwa. Alikaa na mhasibu wakati wa kupanga bajeti. Fungu alilijua."

Lidwina aliitikia kwa kichwa. Alishukuru, akasimama, akarudisha kiti mahali pake. Mlangoni aliulizwa kama yuko sawa, akajibu yuko sawa. Hakurudi kwenye chumba cha nyuma ya ghala. Alipita getini, akavuka barabara, akasimama juani bila kujua anakwenda wapi.

Aliikumbuka jioni ile ya kabla ya usaili kama ilivyokuwa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha chipsi pale Bombambili, na Otto ameushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Sema kiasi kidogo, mpenzi," alimwambia. "Ukitaja kikubwa watakuacha, hawa watu nawajua. Wewe ingia kwanza. Wakiona kazi yako watakupandisha wenyewe."

"Na wewe utasema ngapi?"

"Hicho hicho. Bora tuingie wote."

Naye Lidwina akambusu kwenye paji la uso kwa furaha, mbele ya watu, akiamini amepata mwanaume anayefikiri kwa ajili ya wawili.

*

Alimkuta Otto kule Mshangano, kwenye kiwanja chake, alikokuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, na Otto alikuwa peke yake katikati ya chumba kisicho na paa, akimwagilia ukuta maji kwa ndoo. Alipomwona Lidwina uso wake ulifunguka wote, kama kawaida yake, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Alikuwa bado mzuri. Vumbi la saruji lilikuwa limetua kwenye nyusi zake, na mkono wa Lidwina ulitaka kulifuta.

"Lidi! Umetoka kazini mapema? Njoo uone, dirisha la jikoni nimelipanua kama ulivyotaka."

"Ulisema kiasi gani kwenye usaili?"

Ndoo ilisimama hewani. "Usaili upi?"

"Otto, tulifanya mmoja tu."

Aliiweka ndoo chini, polepole mno kwa ndoo nyepesi kama ile. "Nani amekwambia?"

Lidwina alifumba macho. Njia nzima alikuwa akimwombea aseme si kweli. Alikuwa tayari kumwamini, hata kwa uongo wa kitoto. Sasa hata uongo hakumpa.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nisikilize kwanza. Usikasirike kabla hujanisikiliza."

"Nakusikiliza."

"Fungu lilikuwa moja. Kama wote wawili tungetaja kikubwa, wangemchukua mmoja tu. Nilitaka tuwe pamoja. Ningeenda kazini vipi wewe ukiwa nyumbani?"

"Tungetaja sawa."

"Tungetaja sawa, halafu ingekuwaje? Wote tungekuwa wa katikati. Mimi nilifikiria mbele. Mwanaume ndiye anayejenga, Lidi. Nyumba hii ni ya nani? Hilo dirisha nampanulia nani? Pesa yangu si yako?"

"Kama ni yangu, mbona ulinificha?"

Otto alifuta jasho kwa kiganja, akajipaka saruji shavuni. "Nilingoja tuoane. Tukishaoana ningekwambia, tukacheka."

"Tukacheka." Lidwina alilirudia neno kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. "Unajua nilivyokuwa nikiishi, Otto? Mwisho wa mwezi ukinipa hela ya kusuka, nasema asante. Ukininunulia viatu vya kwenda navyo matawini, nasema asante. Viatu vilichakaa Tunduru kwa kazi yangu, nikaja kukushukuru wewe kwa vipya. Nilikuwa nawasimulia wenzangu, Otto wangu ana mkono mwepesi. Muda wote huo nakushukuru kwa haki yangu mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

"Sema nilikosea. Nimekosea, nakubali. Lakini sema pia kwamba nakupenda, maana hilo unalijua."

Alisogea. Lidwina hakurudi nyuma, na Otto alipomgusa bega, machozi aliyoyazuia tangu ofisini yalimtoka. Kwa muda kidogo aliegemeza paji la uso kwenye kifua kile alichokizoea. Kilinuka saruji na sabuni. Alifikiri, labda inatosha. Labda amekiri na inatosha.

"Hata mama," Otto alisema juu ya nywele zake, kwa sauti ya kumbembeleza, "ujue mama alikuwa hakutaki kabisa. Alisema msichana aliyesoma kompyuta akishika hela hakaliki ndani. Ni mimi niliyekupigania. Nilimwambia, mama, usiogope, mshahara wa Lidwina ni nusu ya wangu. Hapo ndipo akakubali."

Lidwina alijitoa kifuani pake.

"Ulimwambia hivyo?"

"Ili akubali! Kwa ajili yetu."

"Kwa hiyo mama yako anajua mshahara wangu. Bi. Shakila anajua. Wewe unajua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa sijui maana yake."

"Lidi..."

"Nijibu kitu kimoja. Bi. Shakila angenipa mimi ule usimamizi, nikalipwa kukuzidi, ungenioa?"

Lilikuwa swali jepesi. Mwanaume anayependa angelijibu hata akiwa anakunywa maji. Otto alifungua mdomo. Akautazama ukuta wake, akaitazama ndoo, akamtazama yeye, halafu akatazama tena ukuta.

"Sasa swali gani hilo," alisema hatimaye. "Jambo halijatokea."

Lidwina alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Hakupiga kelele. Baadaye Otto angetamani sana kama angepiga.

"Endelea kumwagilia ukuta wako," alisema. "Utapasuka."

*

Mama yake, Skolastika, alikuwa akichambua maharage uani. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho, akiyatenga mabovu pembeni.

"Ni hilo tu?" aliuliza.

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu. Hajakupiga. Hana mwanamke mwingine. Hana mtoto wa nje. Amekudanganya mshahara. Niambie mwanaume gani hapa Ruhuwiko ambaye mkewe anaujua mshahara wake?"

"Hajanidanganya wa kwake. Amenidanganya wa kwangu."

Vidole vya Skolastika vilisita, kisha vikaendelea. "Nilikuwa nauza mchicha, baba yako akiwa mlinzi wa usiku. Nilificha, naye alificha. Tumezeeka pamoja."

"Na ulikuwa na furaha?"

"Nilikuwa na ndoa." Aliinua ungo, akapepeta, maganda yakaruka na upepo wa baridi. "Wazee wa kina Otto wanakuja kutoka Madaba. Kuku wamekamatwa. Shangazi zako wameshona sare. Jumuiya nzima imetangaziwa. Unataka nimwambie nini baba yako? Kwamba posa imeharibika kwa ajili ya usaili?"

"Mama, kesho na keshokutwa nikipata mtoto mgonjwa, naye akaniambia dawa yake ni hii, nitaamini? Akiniambia saini hapa, nitasaini? Ndilo linaloniogopesha. Nikimtazama sasa, namwona anapiga hesabu."

Skolastika alikusanya maharage mazuri kwenye sufuria, akainuka, akashika kiuno kwa maumivu yake ya siku zote. Alipompita binti yake alimgusa shavu kwa mkono wenye vumbi la maharage.

"Kalale," alisema. "Usiamue kitu ukiwa na macho mekundu hivyo."

*

Wageni walifika Jumamosi mchana, wamevaa makoti kwa sababu ya baridi ya Juni, na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi ya Madaba, limefungwa kanga mpya. Mshenga alikuwa Mzee Pankrasi, ndugu wa marehemu baba yake Otto, mtu mwenye maneno mazuri. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni, na nyumba nzima ikaitika. Pamoja naye alikuja shangazi mmoja mnene wa Otto. Otto mwenyewe alikaa karibu na mlango, kwenye kiti cha mwisho, amevaa suti ya bluu. Macho yake yalikuwa yakimtafuta Lidwina kila pazia la ndani lilipotikisika.

Maneno yalizunguka kama yanavyozunguka siku hizo. Wageni walisema wana kuku wao aliyepotelea humu, wakaulizwa ana rangi gani, watu wakacheka. Posa iliwekwa mezani kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cheupe. Kisha Mzee Hironimus, baba yake Lidwina, akakohoa, akasema aitwe binti.

Aliletwa na shangazi zake wawili, amejifunika kanga. Alipiga magoti, akawaamkia wageni shikamoo mmoja mmoja, wakaitika marahaba. Kisha akabaki pale pale, mikono juu ya mapaja.

"Mwanangu," alisema Mzee Hironimus, "hawa watu unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

Shangazi zake walianza vigelegele. Mzee aliinua mkono wanyamaze kwanza.

"Tuwapokelee walichokuja nacho?"

Lidwina aliinua uso. Alimwona Otto. Usiku uliotangulia alikuwa hajalala, ilionekana, na alikuwa akimwomba kwa macho, kwa midomo iliyokuwa ikitikisika bila sauti. Nafsini mwake Lidwina alisikia bado anampenda, kwa ukamilifu ule ule. Alikuwa ametumaini kwamba hadi Jumamosi mapenzi yale yangekuwa yamepungua japo kidogo, ili jambo liwe rahisi. Hayakupungua.

"Hapana, baba. Msipokee."

Shangazi zake walitazamana. Nje, kuku mmoja aliyenusurika alikuwa akiparura mchanga.

"Labda binti hakulisikia swali vizuri," alisema Mzee Pankrasi kwa upole.

"Nimelisikia, babu. Mmekuja kwa heshima na mmeniheshimu. Naomba mnisamehe."

"Kuna sababu?" Sauti ya Mzee Hironimus ilikuwa imekauka.

Lidwina alijua angeweza kuisema. Sentensi mbili tu zingetosha kumvua Otto suti ile mbele ya wazee wake. Aliziona zimekaa ulimini, tayari.

"Sababu anayo Otto," alisema. "Akipenda ataisema mwenyewe."

Vichwa vyote viligeuka mlangoni. Otto aliinuka nusu. Alimtazama Mzee Pankrasi, akamtazama shangazi yake. Kisha akakaa tena, akainamisha kichwa.

"Mama Otto alisema," shangazi mnene alinong'ona kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wasichana wa kompyuta."

Sinia lilirudishwa kwa wenyewe bila kufunuliwa. Dumu la ulanzi lilisahauliwa pembeni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakumbusha.

Otto alimfuata nyuma ya nyumba, wakati wazee wakiagana kwa maneno mafupi.

"Nitakwenda kwa Bi. Shakila," alisema akihema. "Jumatatu asubuhi. Nitamwambia wagawe mishahara sawa, wako na wangu. Usimamizi nitaukataa. Niambie tu niende, Lidi, nitakwenda."

"Ulikuwa na siku nyingi za kwenda."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua." Alimrekebishia ukosi wa koti, kwa mazoea, mkono ukatangulia kabla ya akili. Alipouona mkono wake pale shingoni akauondoa. "Nenda, Otto. Wanakungoja kwenye gari."

*

Jumatatu alikwenda kazini. Hakuwa na kazi nyingine, na katika Songea nzima nafasi za watu wa IT zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Tangazo lilikuwa limebandikwa ubaoni kama Bi. Shakila alivyoahidi, jina la Otto kwa herufi kubwa. Hakuwa amekataa. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya msimamizi, iliyoletwa asubuhi hiyo, na alipomwona Lidwina akasimama kama mwanafunzi.

"Nilikwenda," alisema haraka. "Kweli nilikwenda. Bi. Shakila amesema bajeti imeshafungwa hadi mwaka ujao. Amesema nikikataa wataleta mtu kutoka nje. Sasa nikaona..."

"Sawa."

"Mwaka ujao nitakupendekeza upandishwe. Nakuapia."

Lidwina aliweka mkoba chini, akavua sweta. Simu ya mezani iliita. Otto aliitazama, akaitazama, ikabidi aipokee. Alisikiliza, akafunika kipokeo kwa kiganja.

"Printa ya dukani imegoma. Wateja wamejaa." Alisita. "Nitakwenda mimi."

"Wewe ni msimamizi. Nitume."

"Lidi, tafadhali."

"Nitume, Otto."

Amri ilitoka kwa sauti ya chini, akiwa ametazama meza mpya. "Nenda ukaangalie printa ya dukani."

"Haya."

Alichukua bisibisi na waya wa akiba, akapita kati ya mifuko ya mbolea hadi duka la mbele. Zuhra, karani wa malipo, alimwona kutoka mbali akaanza kupiga makofi mbele ya foleni ya wakulima.

"Bi harusi wetu huyo! Haya tuambie, lini sasa? Tuanze kuchanga?"

Wakulima waligeuka wakatabasamu, tayari kufurahi naye. Mzee mmoja alimpisha apite kwa heshima.

"Printa ndiyo hii?" aliuliza Lidwina.

"Ndiyo hiyo. Mbona hujibu, wewe? Umeanza maringo?"

Alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza. Waya ulikuwa umechomoka tu, mtu ameupiga teke bila kujua. Aliushika akaurudisha mahali pake, na juu yake printa ikanguruma na kuanza kutoa karatasi. Zuhra alishangilia. Lidwina alibaki kule chini gizani, ameushika waya uliokwisha kupona, akingoja uso wake uwe wa kuonyeshwa watu.